Kabla ya Shahada Kulikuwa na Studio: Historia ya Masomo ya Mawasiliano Kamenge

Mwaka 1995 ripota wa Bujumbura hakuthubutu kuingia Kamenge peke yake. Mtaa ulikuwa wa Wahutu, Ngagara ya jirani ilikuwa ya Watutsi, na aliyekosea njia aliweza kupoteza roho. Mwezi Juni mwaka huo jeshi liliingia Kamenge kuwasaka waasi. Wakazi kwa maelfu walikimbia na nyumba zao zikabaki magofu. Nani alikufa, wangapi, na nani alianza? Jibu lilitegemea umemuuliza nani na anaishi upande gani wa barabara. Fununu zilitangulia habari, na mara nyingi fununu moja ilitosha kuwatoa watu majumbani na mapanga mkononi.

Katika Kamenge hiyo hiyo, leo kuna vijana wanaosomea shahada ya kwanza ya mawasiliano na vyombo vya habari. Asubuhi wanapita sokoni na madaftari kwapani, wanaingia darasani, wanafundishwa nadharia za wataalamu wa Marekani na Ufaransa, sheria za habari, maadili ya kazi na namna ya kuhariri sauti. Ni masomo mazuri. Lakini Burundi kazi ya habari ilianza kabla ya shahada, na sehemu kubwa ya somo lenyewe ilipatikana kwa gharama kubwa katika mitaa wanayopita kila siku. Mwanafunzi asiyeijua historia hiyo amesoma nusu ya fani yake.

Mtaa na lugha zake

Kamenge iko kaskazini mwa Bujumbura, ikipakana na majirani kama Kinama, Ngagara, Cibitoke na Gihosha. Vitongoji vyake kadhaa vina majina ya milima: Heha, Teza, Twinyoni. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Burundi iko hapa, na watu wa mjini wanaiita Roi Khaled, kwa jina la mfalme wa Saudi Arabia. Kirundi na Kiswahili vinasikika kila kona. Kiswahili kililetwa mjini na askari na wafanyabiashara tangu enzi za Wajerumani, mji ukiitwa Usumbura, na katika mitaa ya kawaida hakikuondoka tena.

Ni mtaa ambao siasa za nchi zimeuumiza mapema kuliko mingine. Januari 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Julai 1, vijana wa chama cha UPRONA waliwashambulia viongozi wa vyama vya wafanyakazi Wahutu hapa Kamenge na kuwaua baadhi yao. Wakati huo hapakuwa na redio huru ya kwenda kuuliza maswali. Redio ilikuwa moja, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Radio Usumbura, na baada ya uhuru ikawa sauti ya serikali. Mapinduzi yalipotokea mwaka 1966, 1976 na 1987, wananchi waliyasikia kwa njia hiyo hiyo: muziki ukikatizwa na sauti ya mwanajeshi.

Majirani walitangulia

Wakati huo nchi jirani zilikuwa zinajenga shule. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Shule ya Uandishi wa Habari mwaka 1970. Tanzania ilianzisha Shule ya Uandishi wa Habari Dar es Salaam mwaka 1975, nayo mwaka 2003 ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanza, chuo cha Nyegezi cha Wakatoliki kiliwafundisha waandishi miaka mingi kabla ya kuzaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Makerere ilipata idara ya mawasiliano ya umma mwaka 1988.

Burundi ilibaki nyuma. Miaka ya 1980 shule ya uandishi wa habari ilijaribiwa Bujumbura, lakini haikudumu. Wengi walioingia redioni walijifunzia kazini, wakimsikiliza aliyewatangulia, na wachache walipelekwa ng'ambo.

Katiba ya mwaka 1992 ilifungua mlango wa vyama vingi, na magazeti yakachipuka. Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo akauawa. Nchi ikaingia vitani. Magazeti mengi ya wakati huo yaligeuka silaha za kila kundi, yakiandika majina ya watu wa kuchukiwa na kuhesabu maiti za upande mmoja tu. Redio ya chuki iliyoitwa Rutomorangingo ilirusha matangazo yake hewani, na Rwanda jirani ilikuwa imekwisha kuonyesha redio ya namna hiyo inaweza kuwafikisha watu wapi. Waandishi waliobaki na dhamira walijikuta hawana mafunzo, hawana ulinzi na hawana chombo.

Darasa lisilo na cheti

Katika hali hiyo, mwaka 1995, shirika la Search for Common Ground lilifungua Studio Ijambo mjini Bujumbura. Haikuwa kituo cha redio. Ilitengeneza vipindi na kuvipa vituo vingine virushwe. Upya wake ulikuwa katika namna ya kufanya kazi: Mhutu na Mtutsi walipelekwa pamoja kuifuatilia habari moja.

Tuiangalie kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Taarifa inafika kwamba watu wameuawa katika mtaa fulani. Ripota mmoja anaweza kuongea na familia za upande huu. Wa pili anaweza kuvuka barabara na kuongea na upande ule, akapokelewa kama mtu wa nyumbani. Wanarudi studio na kanda mbili zinazopingana. Sasa wanakaa meza moja, wanasikiliza sauti zote, wanabishana. Huyu anasema neno hili linawatukana watu wangu. Yule anasema shahidi wako hakuona kwa macho yake, amesimuliwa. Linalobaki baada ya ubishi huo, ambalo wote wawili wanakubali kuweka majina yao chini yake, ndilo linalokwenda hewani. Vitabu vya uandishi wa habari vinaliita zoezi hilo kuthibitisha taarifa na kusikiliza pande zote. Pale lilifanywa na vijana ambao ndugu zao walikuwa wanauana.

Studio hiyo pia ilitambua kwamba habari peke yake haitoshi. Mwaka 1997 ulianza mchezo wa redio ulioitwa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi, zinazoishi jirani. Ulirushwa kwa mamia ya vipindi na ukasikilizwa nchi nzima. Kipindi kingine kiliwatafuta watu waliohatarisha maisha yao kuwaokoa majirani wa kabila jingine, kikawapa nafasi ya kusimulia. Wanafunzi wa leo husoma mawasiliano kwa maendeleo kama somo la muhula. Sibazuri na wenzake walilifanya likiwa halina jina darasani.

Vituo huru navyo vilizaliwa, vingine kutokana na shule hiyo isiyo na cheti. Radio Umwizero, iliyokuja kuitwa Bonesha FM, ilianza mwaka 1996. Alexis Sinduhije, aliyepita Studio Ijambo, alianzisha Radio Publique Africaine mwaka 2001, akaajiri Wahutu na Watutsi pamoja, wakiwemo waliowahi kushika silaha. Isanganiro ilifuata mwaka 2002. Uchaguzi wa mwaka 2005 ulipofika, vituo vilivyokuwa vikishindania wasikilizaji viliunganisha maripota wao, vikawasambaza mikoani na kutangaza matokeo kwa pamoja, kituo cha kura baada ya kituo cha kura. Matokeo yaliyokwisha kusikika na nchi nzima ni vigumu kuyabadilisha usiku.

Chuo chaja mtaani

Wakati redio zinakua, milango ya elimu ya juu ilikuwa inafunguka. Chuo Kikuu cha Ngozi kilianza mwaka 1999, Université Lumière de Bujumbura mwaka 2000. Hope Africa, chuo cha Kanisa la Free Methodist kilichoanzia Nairobi mwaka 2000, kilihamia Bujumbura mwaka 2003 chini ya uongozi wa Askofu Elie Buconyori, vita vikiwa bado havijaisha. Kilichagua kufundisha kwa Kiingereza na Kifaransa, miaka minne kabla Burundi haijaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Kamenge, mtaa wa chuo hicho, uliokuwa magofu miaka michache nyuma, ukaanza kupokea wanafunzi wa chuo kikuu kutoka kila pembe ya nchi na kutoka nchi jirani.

Haikuwa bahati tu kwamba mtaa ulikuwa tayari kuwapokea. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mapadre Waksaveri walikuwa wamejenga hapa Centre Jeunes Kamenge, kituo ambacho vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, walicheza mpira na kusoma maktabani pamoja hata risasi zilipokuwa zinalia nje. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa Tuzo ya Right Livelihood. Vijana wa Kamenge walikuwa wamezoea kukaa na wasiofanana nao kabla chuo hakijawakuta.

Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2011 ilileta mfumo wa BMD (shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu), na shahada ya kwanza ikawa ya miaka mitatu badala ya minne. Mwanafunzi wa mawasiliano sasa ana muda mfupi wa kujifunza mambo mengi: nadharia, uhusiano wa umma, utafiti, redio, televisheni, mitandao, kisha staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na tasnifu. Staji ndiyo roho ya masomo hayo. Huwezi kujifunza kuuliza swali gumu kwa kulisoma. Unajifunza ukiwa mbele ya mtu asiyetaka kulijibu, mhariri akikusubiri.

Pigo la 2015

Tarehe 13 Mei 2015 baadhi ya wanajeshi walijaribu kumpindua Rais Pierre Nkurunziza. Katika saa zilizofuata Radio Publique Africaine, Bonesha, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance zilishambuliwa na mitambo yake kuharibiwa. Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo iliteketezwa. Waandishi kwa makumi walikimbilia Kigali na kwingineko.

Kwa wanafunzi wa mawasiliano, siku hizo zilifuta sehemu nyingi walizotegemea kwa staji, pamoja na walimu wao wa vitendo. Isanganiro na Rema zilirudi hewani Februari 2016; Bonesha ilisubiri hadi 2021. Julai 2016 Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu, alitoweka na hajaonekana tena. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti hilo hilo walikamatwa Bubanza wakiwa kazini, wakakaa gerezani hadi walipopewa msamaha wa rais Desemba 2020. Wanafunzi wa miaka hiyo waliyafuata hayo wakiwa wanasomea kazi hiyo hiyo.

Si ajabu kwamba wahitimu wengi wanatazama kwingine: ofisi za mawasiliano za mashirika, benki, kampuni za simu, makanisa. Hizo ni kazi za heshima na nchi inazihitaji. Lakini shahada hii isigeuke kuwa ya kutengeneza matangazo mazuri peke yake, maana chimbuko lake Burundi lilikuwa haja ya kujua ukweli wakati uongo unaua.

Vyuo vya Bujumbura vinaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji fedha nyingi. Waliofanya kazi Studio Ijambo na redio za mwanzo bado wapo, ndani ya nchi na uhamishoni, lakini umri unakwenda. Kila mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ampate mmoja wao, amrekodi kwa Kirundi au Kiswahili, na chuo kihifadhi sauti hizo maktabani. Walimu waziweke katika mtaala kama somo kamili, wala zisiachwe kuwa hadithi ya dakika kumi mwisho wa kipindi. Na wewe kijana wa Kamenge unayejiandikisha mwaka huu, anza na wazee wa mtaani kwako. Waulize mwaka 1995 walisikia nini, walikisikia kwa nani, na walijuaje kama ni kweli.