Kiswahili cha Kisiwani katika Darasa la Ipole

Ipole imo katika Wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, mahali ambapo barabara itokayo Tabora hugawanyika: mkono mmoja huelekea Rungwa na Mbeya, wa pili hupita Koga kwenda Mpanda. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Kwa msomaji wa visiwani jina hili huenda halina uzito. Hata hivyo, atakaye kujua yaliyoisibu lugha ya pwani ilipotoka barabarani na kuingia darasani, na ni nani waliobeba mzigo wa safari hiyo, Unyamwezi ya kusini ina mengi ya kumweleza.

Kiswahili hakikungoja shule kufika huko. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora, mwaka 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kujenga na kulowea. Wanyamwezi nao walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya Bagamoyo. Stanley alipokwepa vita vya Mirambo mwaka 1871 alizungukia kusini, akapita Ugunda na Ukonongo, nchi ambazo misafara ilizizoea. Katika njia hizo lugha ilifunzwa kwa kuhitajiana: kupatana bei, kuomba maji, kuitikia wimbo wa safari. Hapakuwa na mtihani, wala aliyechapwa kwa kukosea ngeli.

Shule ilikuja na nia nyingine. Serikali ya Kijerumani, iliyofungua skuli yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitaka makarani na maakida, na lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kiswahili. Wamisionari wa Moravian waliopokea kituo cha Urambo mwaka 1898 waliona vingine. Walipoenea hadi Sikonge na Ipole waliegemea zaidi Kinyamwezi, kwa kuamini kwamba neno la dini huingia moyoni kwa lugha ya mama. Kamusi ya Kinyamwezi ya Edmund Dahl, iliyotoka mwaka 1915, ni tunda la fikra hiyo. Hivyo serikali ilimtaka mtoto kwa Kiswahili, kanisa likamtaka kwa Kinyamwezi. Kabla jambo hilo halijaamuliwa, vita vilikuja, na Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yakaitwaa Tabora.

Waingereza walipopanga elimu upya, Tabora ilipata shule yake kubwa katika miaka ya 1920, iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere akarudi mjini humo kufundisha katika shule ya St. Mary's, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Wakati huo lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kupimwa na kukatwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kuisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Ilikuwa heshima kubwa kwa kisiwa. Kwa mwalimu wa bara ulikuwa mtihani. Alipaswa kusahihisha Kiswahili cha njia ya misafara, alichorithi kwa babu yake mpagazi, kwa kipimo cha mji ambao aghalabu hakupata kuuona. Tena Kiswahili hicho kiliwekwa katika madarasa ya chini, na aliyepanda juu alikiacha nyuma.

Mwaka 1967, *Elimu ya Kujitegemea* ilipotangazwa, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Ushairi nao ukapata mlango. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, nchi iliyopitiwa na njia ile ile ya Tabora, alikuwa ameistawisha ngonjera, na baada ya kufa kwake mwaka 1969 shule ziliifanya chombo cha mafunzo ya siasa. Wapo waliolalamika kwamba sanaa iligeuzwa tarumbeta. Lililo kweli pia ni kwamba ngonjera iliwapa watoto wasiozaliwa na Kiswahili nafasi ya kusimama mbele ya watu, wakakisema kwa vina na kwa sauti kamili.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini, wakawa wanafundisha huku wenyewe wanafundishwa, kwa msaada wa wakufunzi, redio na masomo ya posta. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa wamepita milioni 3. Mitaani walimu hao walipewa jina la dhihaka: UPE, wakasema watu, ni "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka hiyo ni dhuluma. Sera iliamuliwa juu, kwa haraka. Aibu yake ikatupiwa kijana wa kijijini aliyesimama mbele ya watoto wengi kuliko madawati. Bila yeye, watoto wengi wa vijiji kama Ipole wasingaliijua hata alifu yao.

Dhuluma ya pili iko kwenye kizingiti cha kidato cha kwanza. Huko lugha hugeuka ghafla kuwa Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikukubali. Basi mtoto aliyekuwa hodari wa kujibu darasa la saba huwa bubu mwaka unaofuata. Mwalimu hueleza somo kwa Kiswahili, kama mwenye kutenda kosa, na mtihani huja kwa Kiingereza. Katika baadhi ya shule mtoto ameadhibiwa kwa kusema Kiswahili, lugha ambayo babu wa babu yake alikwenda kuichukua Bagamoyo kwa miguu. Unguja nako hakukusalimika: sera ya mwaka 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano.

Zamani waliokifikia kizingiti hicho walikuwa wachache. Ada za msingi zilifutwa tena mwaka 2001, na mwaka 2016 zikafutwa hadi kidato cha nne. Sera iliyozinduliwa Februari 2025 imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Maana yake mtoto wa mrina asali wa Ipole, na wa mkulima wa tumbaku ambaye kila msimu huhitaji mikono yake shambani, naye atatakiwa kukivuka, na lango la sekondari bado ni la Kiingereza. Kumlazimisha mtoto kuingia chumba asichoelewa lugha yake, kisha kumhesabu miongoni mwa walioshindwa, ni jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawawezi kulitazama kimya. Kisiwa kilichotoa lahaja yake iwe kipimo cha wote kina deni kwa walimu waliokibeba kipimo hicho hadi miomboni, nalo hulipwa kwa kudai lugha hiyo iruhusiwe kumaliza kazi iliyoianza.