Kudurusu
Neno kudurusu, lenye asili ya Kiarabu kama ndugu yake darasa, lina uzito zaidi kuliko kusoma tu: ni kuirejea sura iliyokwisha kuhifadhiwa kabla haijapotea katika dhihni, kama afanyavyo mwanafunzi wa chuo cha Kurani apitiaye kwa sauti, baada ya alfajiri, sura ya jana na ya juzi, hata asipoulizwa na mwalimu wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Basi yanisikitisha kuona watoto wakikeshea vitabu usiku wa kuamkia mtihani, nasi tukakuita huko kudurusu.