Waifai ya nyumbani: mlango uko wazi na laini ni yako

Hapa Kwai huwa naitwa kwenye nyumba za watu kufunga rauta za laini ya simu, na nakuta yale yale: imetolewa kwenye boksi, ikachomekwa umeme, basi. Wengi tumezoea kafe, ambako mwenye kafe ndiye anahangaika na usalama. Nyumbani ni juu yako.

Hasara siyo bando tu. Laini iliyo ndani ya rauta imesajiliwa kwa alama zako za vidole. Mtu akitumia waifai yako kutapeli, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkataza kuingia bila ruhusa, lakini mpaka ajulikane ni nani, wewe umeshasumbuka. Kwa hiyo fanya haya:

1. Badili paswedi ya rauta yenyewe. Kwenye brauza andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (angalia kibandiko chini ya rauta). Ya kiwandani mara nyingi ni "admin", na kila mtu anaijua. Akiingia humo anaweza kukufungia nje mwenyewe.

2. Chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 kama ipo. Usiguse WEP. Hiyo ni ya 1997. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha udhaifu wake, na 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliivunja chini ya dakika moja.

3. Zima WPS. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, ungedhani inahitaji majaribio milioni 100. Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba rauta inaikagua nusu nusu: 4 kwanza, kisha 3, na ya mwisho inakokotolewa kutokana na zile za mbele. Majaribio yanashuka hadi 11,000! Hapo paswedi yako hata iwe ndefu vipi haikuokoi.

4. Paswedi ya waifai iwe ndefu. Kwenye WPA2 mwizi ananasa mawasiliano simu yako inapojiunga, halafu anakaa kwake anabahatisha taratibu, rauta haina habari. Namba yako ya simu au jina la mtoto ndiyo anayoanza nayo. Weka maneno manne au zaidi yasiyohusiana.

5. Sasisha rauta na simu. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza KRACK, udhaifu ndani ya WPA2 yenyewe. Kubadili paswedi hakuutibu. Dawa ni programu mpya. Simu isiyopata tena masasisho ndiyo iliyo hatarini.

Na wale wanaoficha jina la waifai: programu za bure zinaliona tu, msijidanganye.

Kazi yote haifiki nusu saa. Ukikwama, andika aina ya rauta yako kwenye maoni tusaidiane. Ila paswedi usiiandike jamani!