Pamba, Ruzuku na Haki ya Wasio Walalamikaji: Benin na Chad katika Shauri la Brazili dhidi ya Marekani, 2002–2014

Shauri la pamba kati ya Brazili na Marekani hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba nchi inayoendelea yaweza kuishinda dola kubwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Dai hilo ni la kweli. Hata hivyo, historia ya shauri lenyewe yaonyesha kwamba kushinda hoja na kupata nafuu ni mambo mawili tofauti.

Septemba 2002 Brazili iliomba mashauriano, ikidai kuwa ruzuku za Marekani kwa wakulima wake zilishusha bei ya pamba katika soko la dunia. Jopo lilitoa uamuzi mwaka 2004, na Chombo cha Rufaa kikauthibitisha kwa sehemu kubwa Machi 2005. Benin na Chad, zilizolitegemea sana zao hilo, zilishiriki kama wahusika wa tatu. Hadhi hiyo iliziruhusu kuwasilisha maelezo na kusikilizwa. Haikuzipa haki ya kudai utekelezaji wala ya kulipiza.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Kuendesha shauri la miaka mingi kwahitaji wanasheria, wachumi na takwimu, na Brazili ilikuwa navyo. Isitoshe, silaha ya mwisho ya mfumo huu ni mshindi kuruhusiwa kupandisha ushuru dhidi ya bidhaa za aliyeshindwa. Nchi yenye soko dogo ikifanya hivyo, huwaumiza wananchi wake kabla ya kumgusa mpinzani. Brazili yenyewe ilipata nguvu zaidi mwaka 2009, wasuluhishi walipoiruhusu, kwa masharti, kugusa pia haki miliki na huduma. Mwaka uliofuata Marekani ilikubali kulipa dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa ajili ya sekta ya pamba ya Brazili. Shauri lilihitimishwa Oktoba 2014 kwa malipo ya mwisho ya dola milioni 300.

Benin na Chad, pamoja na Burkina Faso na Mali, zilikuwa zimeshika njia ya majadiliano tangu 2003. Mkutano wa Mawaziri wa Nairobi, Desemba 2015, ulizitaka nchi zilizoendelea kukomesha ruzuku za kuuza pamba nje. Ruzuku za ndani, zilizokuwa kiini cha malalamiko, zilibaki bila ufumbuzi.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, funzo ni bayana. Kituo cha ushauri wa sheria za biashara kilichoanzishwa Geneva mwaka 2001 hupunguza gharama za uwakili, lakini hakiwezi kuziba pengo la uwezo wa kulipiza. Mwaka 2002 kundi la nchi za Afrika lilipendekeza fidia ya fedha na ulipizaji wa pamoja. Mapendekezo hayo hayakupitishwa. Tangu Desemba 2019, Chombo cha Rufaa kilipokosa idadi ya wajumbe wa kusikiliza mashauri, mjadala umeelemea katika kukirejesha. Kikirejeshwa bila mapendekezo ya 2002 kufikiriwa upya, nchi ndogo zitarudishiwa mlango uleule ambao Benin na Chad ziliishia kizingitini pake.