Mkono wa Kwanza

Kabla ya mwaka 2006, mwanamke wa Kashikishi akipatikana na saratani ya mlango wa kizazi alikuwa na safari mbili. Ya kwanza ilimtoa kando ya Ziwa Mweru, ikampitisha Mansa hadi Lusaka, karibu kilomita 1,000. Ya pili ilikuwa ya Zimbabwe au Afrika Kusini, maana Zambia haikuwa na tiba ya mionzi, na nafasi hizo walipata wachache. Hospitali ya saratani iliyoanza kazi Lusaka mwaka 2006 na kuzinduliwa rasmi mwaka 2007 iliifuta safari ya pili kwa miaka mingi. Ya kwanza ilibaki.

Lakini saratani ikiwahiwa bado changa, kisu huweza kuiponya, mradi kiwe mkononi mwa anayeijua kazi hiyo. Mwaka 1898 huko Vienna, Ernst Wertheim alianza kutoa kizazi pamoja na nyama inayokizunguka na tezi za limfu, akiilinda mirija ya mkojo inayopita papo hapo. Wagonjwa wake wengi wa mwanzo walikufa. Alipochapisha habari za operesheni 500 mwaka 1911, vifo vilikuwa vimepungua sana.

Daktari aliyezoea kutoa kizazi chenye uvimbe wa kawaida anaweza kufanya operesheni safi kabisa, mshono ukapona vizuri, kumbe saratani imebaki pembeni. Kurudia ni kupasua katikati ya makovu. Ndiyo maana naamini mkono wa kwanza una uzito kuliko yote yanayofuata.

Mwaka 2006 Groesbeck Parham, mpasuaji kutoka Marekani, na Mulindi Mwanahamuntu, daktari Mzambia wa magonjwa ya wanawake, walianza kuichunguza saratani hiyo pamoja na wauguzi wa kliniki za Lusaka. Muuguzi alipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akatazama panapogeuka peupe, akapiga picha kwa kamera ya dijitali, na palipofaa akagandisha doa siku hiyohiyo. Picha zilijadiliwa na madaktari, hivyo kosa lilionekana na kusahihishwa mapema. Huo ndio ufundishaji ninaouheshimu. Uchunguzi ukaibua saratani nyingi zilizohitaji wapasuaji, Parham na Mwanahamuntu wakageukia kuwafundisha madaktari wa Zambia operesheni kubwa.

Kwa daktari wa hospitali ya misheni ya St. Paul's, Kashikishi, ujuzi huo una upande mwingine: akitilia shaka kidonda, achukue kinyama kidogo kipimwe kwanza, na kizazi akiache mpaka majibu yarudi.