Suleiman Nyambui: Mwanariadha wa Mara Aliyepita Njia ya Uwanja na Darasa

Mkoa wa Mara una nafasi ya pekee katika historia ya riadha nchini. Tanzania imewahi kupata medali mbili tu katika Michezo ya Olimpiki, na moja kati ya hizo ililetwa na Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, pembezoni mwa Ziwa Victoria. Wengi humkumbuka kwa medali hiyo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba alipoipata alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwamba masomo ndiyo yaliyomfungulia mlango wa mashindano makubwa. Historia hiyo ina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Wilaya za Tarime na Serengeti, ambao baadhi yao huambiwa wachague kimoja: daftari au uwanja.

Kutoka Majita hadi El Paso

Nyambui alizaliwa tarehe 13 Februari, 1953. Katika miaka ya 1970 riadha ya Tanzania ilikuwa na sifa kubwa duniani, hasa baada ya Filbert Bayi kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Hata hivyo, kizazi hicho kilikosa Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, wakati nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, ziliposusia michezo hiyo kupinga uhusiano wa kimichezo kati ya New Zealand na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini.

Nyambui alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, nchini Marekani. Hakuwa kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari: mwaka 1979, alipotwaa taji lake la kwanza la vyuo vikuu vya Marekani katika mita 10,000, alikuwa na umri wa miaka 26. Alilitwaa taji hilo mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982. Mwaka 1980 alikuwa pia bingwa wa mbio za nyika za vyuo vikuu, na mwezi Februari 1981, jijini New York, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 za ndani ya ukumbi kwa muda wa dakika 13 na sekunde 20.4.

Mataji hayo yana maana nyingine ambayo haionekani kwenye saa. Kwa kanuni za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi asiyefikia kiwango cha ufaulu kilichowekwa huondolewa kwenye mashindano, hata akiwa na kipaji cha namna gani. Mwanariadha anayeshindana misimu minne analazimika kufaulu darasani katika kipindi chote hicho.

Medali ya Moscow

Fainali ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Moscow ilikimbiwa tarehe 1 Agosti, 1980. Miruts Yifter wa Ethiopia alimaliza wa kwanza kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Nyambui alimfuata kwa dakika 13 na sekunde 21.60, akimtangulia Kaarlo Maaninka wa Finland. Tofauti kati ya dhahabu na fedha haikufika sekunde moja.

Siku moja kabla, Bayi alikuwa amepata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo mkimbiaji huruka viunzi mara 28 na dimbwi la maji mara saba. Bayi naye alisoma katika chuo hicho cha El Paso, na baadaye alianzisha shule zinazobeba jina lake. Hivyo, medali zote mbili za Olimpiki za Tanzania zimeletwa na watu waliounganisha riadha na elimu ya juu.

Maisha baada ya chuo

Nyambui alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987, na akazishinda tena mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 35, kwa muda wa saa 2, dakika 11 na sekunde 45. Baada ya kuacha kushindana alifanya kazi ya ukocha ndani na nje ya nchi, ikiwemo Brunei, na aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa chombo kinachosimamia riadha nchini. Miguu ya mwanariadha huchoka mapema, lakini elimu na uzoefu humpa kazi kwa miaka mingi zaidi.

Somo kwa warukaji wa Tarime na Serengeti

Inapotajwa riadha ya Mara, watu hufikiria mbio ndefu. Michezo ya kuruka, yaani kuruka juu, kuruka chini na miruko mitatu, hupewa nafasi ndogo, ingawa Afrika Mashariki ina historia nayo. Patrick Etolu wa Uganda alipata medali ya fedha ya kuruka juu katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1954.

Kuruka chini hakuhitaji gharama kubwa kukuanzisha shuleni. Kunahitaji njia iliyosawazishwa ya kukimbilia, mbao ya kurukia yenye upana wa sentimita 20, shimo la mchanga laini na futi ya kupimia. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu anayejua kuhesabu hatua, kwa kuwa mrukaji anayekanyaga mbele ya mbao jaribio lake hufutwa hata kama ameruka mbali kuliko wote. Ni mchezo unaodai vipimo, kumbukumbu na subira, tabia zilezile zinazohitajika katika somo la hisabati au fizikia. Jonathan Edwards wa Uingereza, ambaye tangu mwaka 1995 anashikilia rekodi ya dunia ya miruko mitatu ya mita 18.29, ni mhitimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Durham.

Kwa mwanafunzi wa Nyamongo, Sirari au Mugumu, njia huanzia kwenye mashindano ya shule, kisha ngazi za wilaya na mkoa, hadi kitaifa kupitia UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Anayelenga ufadhili wa vyuo vya nje anapaswa kutunza mambo mawili kwa uangalifu sawa. La kwanza ni matokeo rasmi ya mashindano, yenye tarehe, mahali na kipimo. La pili ni vyeti vya taaluma, kwa kuwa chuo hutazama kwanza kama mwombaji anastahili kudahiliwa. Lugha ya Kiingereza nayo haina budi kupewa muda, kwani ndiyo atakayosomea huko.

Wazazi na walimu wana wajibu hapa. Kumnyima mtoto mazoezi kwa hoja kwamba yanamharibia masomo, au kumtoa darasani kwa sababu ana kipaji, ni kumfungia mlango mmoja kati ya miwili anayoihitaji. Ratiba inayotenga saa za darasa, mazoezi na kupumzika inaweza kupangwa na kila shule kwa kushirikiana na familia, na mahali pa kuanzia ni shimo la mchanga lililochimbwa na kutunzwa vizuri katika uwanja wa shule.