Breki za Sekenke

Jamani, nimerudi kutoka Tabora. Nilikwenda kuangalia tembe la Livingstone kule Kwihara, nimerudi na habari nyingine kabisa.

Tabora ndiko yalikokuwa makao ya Brigedi ya 202 iliyopigana vita vya Kagera vya 1978-79. Jioni moja nilikaa na mzee mmoja aliyeendesha malori ya jeshi enzi hizo. Nikamuuliza: "Mzee, lori kuukuu, limejaa, unashuka Sekenke, unakanyaga breki hamna kitu. Unafanyaje?"

Akacheka. "Mwanangu, hapo umeshachelewa. Mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia."

Kwa wasioufahamu, Sekenke ni mlima wa Iramba, njia ya kutoka Singida kwenda Nzega na Tabora. Madereva wa zamani wanauheshimu.

Mzee akanipa somo. Kwanza pampu pedali haraka haraka, breki za mafuta huweza kurudi kidogo. Usizime injini, na usiweke fri hata kwa dawa. Shusha gia moja moja. Gia za zamani zinataka klachi mara mbili na mafuta kidogo katikati. Ukikosea haiingii, unabaki mikono mitupu. Ukiachia mafuta, matairi ndiyo yanaizungusha injini, nayo inagoma. Mgomo huo ndio breki yako. Handibreki ivute kidogo kidogo, honi na taa juu. Fanya mapema, maana mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kuuzima inakuwa mara nne. Yote yakishindikana, egemea upande wa mlima, usugue matairi kwenye kingo. Korongo halina msamaha.

"Na utingo?" nikauliza. Yule kijana wa kuweka kigingi chini ya tairi.

Mzee akanyamaza kidogo. "Kigingi ni cha lori lililosimama. Mimi wangu nilimwambia aruke likiwa bado linatembea."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena.

Usiku sikulala vizuri. Njia hii ya kati imekula watu wengi. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kusimama, ikarudi nyuma mteremkoni na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, ni wapagazi waliotembea kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji na mizigo ya frasila mbili, kama kilo 32, begani. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, na majina yao tunayakariri shuleni. Wengi waliowabebea mizigo hatuwajui.

Utingo naye ni mpagazi wa zama za lori. Dereva anakumbukwa, jenerali anapewa barabara, kijana wa kigingi anabaki kwenye kichwa cha mzee mmoja asiyelala.

Kwenu nani alikuwa utingo? Muulizeni angali hai, na muandike jina lake.